Shajara ya vishikio vya pushapu vya bei nafuu, Kisumu, Januari hadi Mei 2025

Ninaiandika shajara hii kwa ajili ya mtu anayefanyia mazoezi nyumbani, asiyetaka kulipa ada ya jimu kila mwezi, na anayejiuliza kama anunue vishikio vya pushapu dukani au avitengeneze kwa fundi. Bei zote ni za shilingi ya Kenya, nami nililipa kila moja kwa mkono wangu hapa Kisumu. Pale nilipopoteza pesa nimesema hivyo, kwa sababu anayetaka kuiga kazi hii atafaidika na makosa yangu kuliko picha ya kitu kilichokamilika.

Jumamosi, 4 Januari: Vipimo kabla ya kununua

Kifundo cha mkono wangu wa kulia kimekuwa kikiuma tangu Novemba, na huuma zaidi ninapopiga pushapu nikiwa nimelaza viganja sakafuni. Sababu yake inaeleweka kwa urahisi: kiganja kikilala sakafuni huku mkono umesimama juu yake, kifundo hukunjwa kuelekea nyuma kwa karibu digrii 90, na uzito wa sehemu kubwa ya mwili hupitia kwenye mkunjo huo. Mtu akishika kitu cha duara, kama ashikavyo usukani wa baiskeli, kifundo hunyooka na uzito hushuka moja kwa moja kutoka kwenye mfupa wa mkono hadi kwenye kishikio. Hiyo ndiyo faida ninayoitafuta. Mengine yote yanayosifiwa kwenye maboksi ya vifaa hivi sina haja nayo.

Nimejiwekea bajeti ya shilingi 1,500 kwa kazi nzima.

Kabla ya kwenda mjini nilipima mambo matatu. Uzito wangu ni kilo 78. Niliweka mzani wa bafuni chini ya viganja, nikaweka miguu juu ya madaftari yaliyolingana na mzani kwa kimo ili mwili usiiname, na mzani ukasoma kilo 51 mikono ikiwa imenyooka na kilo 57 kifua kikiwa chini. Maana yake ni kwamba kila kishikio kitabeba karibu kilo 26 hadi 29 hata kabla ya kuhesabu kishindo cha kushuka kwa haraka. Upana wa ngumi yangu iliyofungwa ni sentimita 10.5. Sakafu ya chumba ninachofanyia mazoezi ni ya sementi yenye oksaidi nyekundu, nayo hupigwa polishi kila Jumamosi asubuhi. Jambo hili la mwisho niliandika kama mtu anayejaza fomu tu, bila kulifikiria.

Jumapili, 12 Januari: Jozi ya kwanza (shilingi 650)

Madukani na kwa wachuuzi wa katikati ya mji nimeona aina nne. Kuna vishikio vya plastiki vilivyonyooka, vyenye sponji mahali pa kushika, vinavyouzwa shilingi 650. Kuna vya plastiki vyenye umbo la herufi S ambavyo hutenganishwa na kuhifadhiwa kwenye begi, kwa shilingi 800. Vya chuma chembamba kilichong'arishwa ni shilingi 1,200. Aina ya nne ina sahani chini inayozunguka mkono unapogeuka, nayo haishuki chini ya shilingi 1,800. Hiyo ya kuzunguka niliiacha mapema, kwa kuwa kifundo kinachouma kinahitaji utulivu, na sehemu inayozunguka ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika.

Nilinunua vya shilingi 650. Ninakiri kwamba nilivichagua kama mtu anayechagua parachichi: nilibonyeza sponji, nikatazama rangi, nikasoma idadi ya kilo iliyochapishwa kwenye boksi. Mchuuzi naye, alipoona ninasitasita, alikiweka kishikio kimoja chini, akasimama juu yake kwa mguu mmoja na kuegemeza kidole kwenye ukuta, akaniambia, "Tazama, mwalimu, mimi mwenyewe nina kilo 80 na haijapinda." Nilishawishika. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba jaribio lile lilikuwa la uzito unaoshuka wima, ilhali katika pushapu mikono huegemea mbele, nyuma na pembeni kila mara kifua kinaposhuka na kupanda. Kama ningekuwa na akili ya mwalimu wa fizikia siku ile, kazi ambayo hunipa mshahara, ningekiweka kishikio kwenye kaunta na kukisukuma kutoka ubavuni kwa kidole.

Juma la kwanza lilikuwa zuri. Kifundo kilitulia kufikia siku ya tatu.

Jumamosi, 25 Januari: Kidevu na sakafu

Leo ilikuwa siku ya polishi. Jioni, nikiwa katika seti ya tatu, kishikio cha kushoto kiliteleza kuelekea nje kwa kasi ambayo sikuweza kuidhibiti, na kidevu kikapiga sakafu. Nilipata mchubuko mdogo na meno yaligongana, basi. Mke wangu alikuja kutazama, akaniuliza iwapo hiyo ndiyo mashine ya kuponya mkono.

Nilivigeuza vishikio juu chini na kuvikagua kwa mara ya kwanza. Kila kimoja kilikuja na vipande vinne vya raba laini vilivyobandikwa chini ya miguu, vyembamba kama ganda la chungwa. Vitatu kati ya vinane vilikuwa vimebanduka. Kimoja nilikipata chini ya kochi kikiwa kimeshikamana na vumbi. Penye kipande kilichobanduka plastiki tupu ilikuwa ikigusa polishi.

Kisha nikapima miguu yenyewe, jambo lililopaswa kufanyika dukani. Kimo cha kishikio ni sentimita 13, lakini upana wa mguu kutoka mbele hadi nyuma ni sentimita 9 tu. Kwa vipimo hivyo, mkono ukiegemea zaidi ya digrii 19 kutoka wima, mstari wa nguvu unatoka nje ya mguu na kishikio kinapinduka, hata kama raba zote zingekuwapo. Wakati wa kushuka mikono huegemea karibu kiasi hicho, hasa mtu anapochoka na mwili kuanza kusonga mbele. Kwa hiyo nina matatizo mawili yasiyo na tiba moja: kuteleza, ambako ni suala la raba, na kupinduka, ambako ni suala la umbo.

Jumapili, 2 Februari: Akala (shilingi 180)

Suala la raba limeisha. Nilikwenda soko la Kibuye, na kwa kuwa ilikuwa Jumapili, siku ambayo soko hufurika hadi barabarani, ilinichukua muda kumfikia fundi wa akala, yaani viatu vya tairi kuukuu. Nilimweleza ninachotaka, naye akanikatia vipande vinane vya tairi kuukuu kwa shilingi 80, akivipunguza unene kwa kisu kilekile anachochongea nyayo. Gundi ya viatu ilikuwa shilingi 100.

Mara ya kwanza nilibandika vibaya. Nilipaka gundi, nikagandamiza papo hapo, na asubuhi yake vipande vyote vikatoka kwa kuvutwa kidogo tu. Gundi ya aina hii hupakwa pande zote mbili na kuachwa wazi hadi ikaukie juu, karibu dakika kumi na tano, ndipo pande hizo zikutanishwe na kugandamizwa kwa nguvu. Pia plastiki ilikuwa laini mno kushikwa na gundi, hivyo niliikwaruza kwa msasa kwanza. Mara ya pili imeshika, nami nimejaribu kwenye sakafu iliyopigwa polishi saa mbili tu kabla.

Tatizo jingine lilijitokeza juma hili, nalo halihusu ubora wa kifaa. Kwa kuwa mikono imeinuliwa, kifua kinaweza kushuka chini ya usawa wa viganja, na kwa ushamba wangu nilishuka hadi mwisho kila mara. Bega la kulia limeanza kulalamika upande wa mbele. Nimeweka madaftari kumi na mawili ya kurasa 200 sakafuni kati ya vishikio, rundo lenye kimo cha karibu sentimita 11, na ninarudi juu mara kifua kinapoligusa. Kila juma la pili nitaondoa daftari moja.

Jumamosi, 15 Februari: Mabomba ya PVC (shilingi 970, zote hasara)

Kwa kuwa umbo la vishikio vya dukani haliwezi kurekebishwa, niliamua kutengeneza jozi yenye miguu mipana kwa mabomba ya maji ya inchi moja. Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri. Kwa jozi nzima zinahitajika elibo 4 (viungo vya kona), tii 4 (viungo vya njia tatu) na vifuniko 8 vya ncha, pamoja na vipande vya bomba vya mshiko, vya kusimama na vya miguu. Elibo zilikuwa shilingi 35 kila moja, tii shilingi 45, vifuniko shilingi 25, bomba la mita tatu shilingi 300, na gundi yake shilingi 150. Tazama jumla hiyo vizuri: ni shilingi 320 zaidi ya jozi iliyotoka kiwandani, na bado mimi ndiye nilikata kwa msumeno.

Kosa kubwa lilikuwa kwenye gundi. Gundi ya PVC huyeyusha kidogo uso wa bomba na wa kiungo hadi viungane kuwa kitu kimoja, na hushika kwa sekunde chache. Mimi niligundisha kiungo kimoja kimoja nikiwa nimekishika hewani, nikidhani nitanyoosha mwishoni. Nilipokiweka kishikio cha kwanza mezani, kilisimama kwa miguu mitatu na wa nne ukabaki juu, na hapakuwa na kunyoosha tena. Cha pili nilikiunganisha kwanza bila gundi, nikachora mstari wa penseli unaovuka kila kiungo, kisha nikagundisha nikifuata mistari hiyo huku miguu ikiwa imelala mezani. Hicho kilikaa sawa kabisa.

Hata hivyo, hicho kilichokaa sawa nacho hakinifai. Bomba nililouziwa ni la maji machafu, lenye kuta nyembamba, na mshiko unapinda kidogo katikati kila ninaposhuka. Haujavunjika, ila mkono unaohisi kitu kinapinda chini yake hauwezi kutulia. Mtu mwepesi, au kijana wa shule ya msingi, angeweza kuvitumia kwa kununua bomba la maji ya presha lenye kuta nene. Mimi nimeviweka stoo.

Jumamosi, 1 Machi: Kwa fundi wa kuchomelea (shilingi 1,050)

Shule zimefunga kwa likizo fupi ya katikati ya muhula, nami nimeitumia asubuhi kwa fundi wa vyuma upande wa Kondele. Nilichora kishikio kwenye karatasi ya mraba: mshiko wa bomba la duara la inchi moja na robo, miguu ya bomba la mraba la milimita 25, yote ya geji 16 (kipimo cha unene wa ukuta wa bomba), kimo sentimita 12, na kila mguu uwe na urefu wa sentimita 20 kutoka mbele hadi nyuma. Kwa vipimo hivyo kishikio hakipinduki mpaka mkono uegemee karibu digrii 40, ambapo mwenye mkono atakuwa ameshaanguka kwa sababu zake mwenyewe.

Ushauri wa kwanza kwa atakayefuata njia hii ni kutonunua bomba zima la mita sita. Jozi hutumia chini ya mita mbili, na kila fundi wa mageti ana rundo la vipande vilivyobaki. Nilichagua vyangu kwenye rundo hilo kwa shilingi 400. Ufundi ulikuwa shilingi 500, na rangi kwenye kopo dogo shilingi 150.

Stima ilipotea saa nane mchana tukiwa tumechomelea kishikio kimoja. Tulikaa kwenye kivuli hadi saa kumi na nusu, fundi akinisimulia kuhusu mteja aliyemletea mlango uliokatwa ukiwa mfupi kwa inchi tatu. Sikujua kwamba anayefuata katika hadithi hiyo ni mimi.

Niliporudi nyumbani na kushika, ngumi haikuingia. Vifundo vya vidole vilikuwa vinakwaruza chuma pande zote mbili. Nikapima: nafasi ya ndani ilikuwa sentimita 10 kamili, na ngumi yangu, kama ilivyoandikwa tarehe 4 Januari, ni sentimita 10.5.

Jumapili, 9 Machi: Marekebisho (shilingi 200)

Nilirudi kwa fundi nikiwa nimejiandaa kubishana. Alitoa karatasi yangu kutoka kwenye droo ya vifaa, akainyoosha juu ya meza ya chuma na kuweka kidole chenye masizi juu ya namba.

"Mwalimu, hapa umeandika ngapi?"

"Kumi na tano."

"Mimi nimekata kumi na tano. Kutoka nje mpaka nje. Ungeniambia ya ndani, ningekukatia ya ndani."

Hakukuwa na ubishi wowote. Sentimita 15 nilizoandika zilijumuisha unene wa miguu miwili ya milimita 25, na kilichobaki ndani ni 10. Anayechora kishikio na aandike kipimo cha nafasi ya ngumi, kutoka ukuta wa ndani hadi ukuta wa ndani, na aongeze angalau sentimita tatu juu ya upana wa ngumi yake. Fundi alikata mishiko ile na kuweka mipya ya sentimita 20 kwa nje, yaani 15 kwa ndani.

Nilimwonyesha pia kasoro nyingine. Kishikio kimoja kilikuwa kinayumba sakafuni, mguu mmoja ukielea kwa unene wa sarafu mbili. Alinieleza, na ninajua ni kweli, kwamba chuma kilichoyeyuka kwenye kiungo kinaponyauka kwa kupoa huvuta vipande vinavyokizunguka, na kiungo kilichochomelewa chote kwa mkupuo huvuta zaidi. Safari hii aliviweka vipande juu ya bamba la chuma lililo sawa, akavibana kwa koleo, akagusa kila kiungo kwa nukta moja ya moto kabla ya kurudi kukamilisha, na katika kukamilisha alikuwa akiruka kutoka kona moja hadi nyingine. Tofauti iliyobaki ni ndogo kiasi cha kufichwa na raba. Kwa nini hakufanya hivyo tarehe 1? Stima ilikuwa imerudi jioni, na wateja wa mageti walikuwa wamesimama mlangoni.

Jumamosi, 29 Machi: Rangi, jasho na grip za boda (shilingi 230)

Raba za akala nilibandika siku ileile ya marekebisho kwa shilingi 80, nikitumia gundi iliyobaki na kufuata utaratibu wa Februari. Vishikio vinakaa kana kwamba vimeota sakafuni. Uzito wa jozi ni kilo mbili hivi, nao pia unasaidia.

Rangi imenishinda mara moja. Mabomba haya hutoka kiwandani yakiwa na utando wa mafuta unaoyakinga na kutu, nami nilipaka rangi juu yake bila kuyafuta kwa thina. Kisha nikasubiri siku moja tu, katika majuma haya ya mvua ambapo hata nguo hazikauki kwenye kamba. Baada ya seti ya pili nilikuwa na viganja vya rangi ya buluu na mishiko ilikuwa na madoa ya chuma tupu. Niliikwangua yote kwa msasa, nikafuta kwa thina, nikapaka rangi ya oksaidi ya kuzuia kutu na kuiacha siku nne.

Chuma kilichopakwa rangi huteleza mkono ukitoa jasho, na hapa kando ya ziwa mkono hutoa jasho hata saa kumi na mbili asubuhi. Nilinunua jozi mbili za grip za usukani wa boda, jumla shilingi 150, nikazipeleka nyumbani kwa furaha. Tundu lake ni la milimita 22, kwa kuwa usukani wa pikipiki ndivyo ulivyo; bomba langu ni la milimita 32. Nilizichemsha kwenye maji ili zilainike, nikapaka sabuni, nikasukuma mpaka moja ikapasuka. Tatu zilizobaki nimempa jirani mwenye boda.

Dawa ilipatikana kwenye kabati. Nilikata mguu wa jinzi kuukuu katika kanda za upana wa sentimita 5, nikazizungushia mshiko kwa mshazari, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, huku nikipaka gundi ya viatu, na mwisho wa kanda nikaushona kwa uzi wa nailoni. Kitambaa hicho kinanyonya jasho na hakizunguki mkononi, tofauti na sponji ya vishikio vya plastiki ambayo ilianza kujizungusha kwenye mhimili wake kabla ya mwezi kwisha. Kikichafuka kitabanduliwa na kubadilishwa bila gharama.

Nimejifunza pia kwamba kishikio kizuri hakisaidii kifundo kama kimeshikwa vibaya. Nilikuwa nikiuweka mshiko katikati ya kiganja, karibu na vidole, na kifundo kilikuwa kinarudi kukunjika nyuma kama zamani, ila kwa kiasi kidogo. Sasa ninauweka chini zaidi, kwenye sehemu nene ya kiganja iliyo karibu na kifundo, ili uwe chini ya mfupa wa mkono moja kwa moja, ndipo ninafunga vidole. Mwanangu hunipiga picha kutoka ubavuni ili nione kama mkono na kiganja viko kwenye mstari mmoja.

Jumamosi, 26 Aprili: Mpini wa jembe (shilingi 520)

Mke wangu ameanza kufanya mazoezi nami, na jozi ya chuma ni pana kwake. Badala ya kurudi kwa fundi wa vyuma, nilijaribu mbao, na ninaona njia hii inafaa kuelezwa kwa kirefu kwa sababu inahitaji vifaa vichache na haitegemei stima.

Mshiko ni mpini wa jembe. Unauzwa sokoni kwa shilingi 150, umeshachongwa na kulainishwa kwa ajili ya kiganja cha mtu anayeushika kutwa nzima, na unene wake ni milimita 35 hivi. Tahadhari ni moja: mpini huwa mnene upande unaoingia kwenye tundu la jembe. Mimi niliukata kuanzia upande huo bila kufikiri, na kishikio cha kushoto kikawa kinene kuliko cha kulia kwa kiasi ambacho mtu anakihisi hata akifumba macho. Kwa bahati mpini ulikuwa mrefu, nikakata kipande kingine kwenye ile sehemu nyembamba.

Miguu ni mbao ya saipresi ya inchi mbili kwa nne, futi tatu kwa shilingi 150, iliyokatwa vipande vinne vya sentimita 20 vinavyosimama kwa ubavu ili kimo kiwe karibu sentimita 10. Seremala alitoboa kila kipande kwa keekee, tundu lisilotokea upande wa pili, lenye kina cha sentimita 3.5 na kitovu chake kikiwa sentimita 7 kutoka chini. Alitoza shilingi 100. Kila mshiko una urefu wa sentimita 20, kwa hiyo ukishaingia pande zote mbili unabaki na sentimita 13 za kushika, zinazotosha ngumi yake. Skrubu za shilingi 40 hupita kutoka nje ya mguu hadi kwenye ncha ya mshiko. Akala ilikuwa shilingi 80 kama kawaida. Fundi wa Kibuye sasa ananikatia vipande vinane kabla sijasalimia.

Kasoro imejitokeza mapema. Saipresi niliyouziwa ilikuwa bado mbichi, nami niliihisi ni nzito mkononi lakini sikutilia maanani. Ikikauka itanyauka, na mishiko italegea.

Jumapili, 18 Mei: Hali ya sasa na hesabu

Ililegea kweli. Kufikia juma la tatu jozi ya mbao ilikuwa inalia kama kitanda cha kamba. Nilitoa skrubu, nikachanganya gundi ya mbao na unga wa msumeno, nikajaza matundu, nikarudisha mishiko na kuiacha siku mbili chini ya gunia la mahindi. Kimya kimerudi. Mtu akipata mbao kavu ataepuka hatua hii yote.

Fedha nilizotumia tangu Januari ni shilingi 3,800, zaidi ya mara mbili ya bajeti. Plastiki na raba zake zilikula 830, PVC 970, chuma na marekebisho yake 1,250, grip za boda 150, akala ya chuma 80, na mbao 520. Mtu anayeanza leo bila makosa yangu angelipa 1,130 kwa jozi ya chuma iliyopimwa sawasawa mara ya kwanza, pamoja na raba. Kama ningelazimika kubaki na jozi moja ningebaki na ya chuma. Lakini kama ningekuwa na shilingi 600 mfukoni na hakuna zaidi, ningepita dukani bila kusimama na kwenda moja kwa moja kununua mpini wa jembe.

Anayependelea cha dukani na achukue rula. Akigeuze juu chini kabla ya kutazama sponji, apime urefu wa mguu kutoka mbele hadi nyuma, na akiache kama kipimo hicho ni kidogo kuliko kimo cha kishikio. Kisha aukwaruze ukingo wa raba kwa ukucha; ikiinuka dukani, itabaki chini ya kochi.

Kifundo hakijauma tangu mwanzoni mwa Aprili. Ninapiga seti nne za pushapu kumi na tano, mara tatu kwa juma, na rundo limebaki madaftari sita. Jozi ya plastiki ilichukuliwa na shemeji yangu alipotutembelea kutoka Ugunja, pamoja na raba zake za akala. Jana alipiga simu kuuliza kama kuna namna ya kuzuia sponji isizunguke, nami nimemtumia mguu wa pili wa ile jinzi.